Fundi Mita, Kabati la Baba na Ukuta wa Mbao

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mita, alizaliwa tarehe 11 Februari 1950, kwa mujibu wa cheti. Yeye mwenyewe hakuwahi kukubaliana na cheti hicho. Alisema karani aliyekiandika hakuwepo chumbani, na mama yake aliyekuwepo hakuulizwa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mpiga chapa na mkewe, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyotazamana na lango la nyuma la kiwanda cha sabuni. Kaka yake alimtangulia kwa miaka mitatu. Walilala kitanda kimoja, na mama yao alisema kila mmoja alijifunika blanketi huku jicho moja likiwa wazi, kumchunga mwenzake asilivute.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Wenzake wa darasani, wawili kati yao wako hapa leo, wanakumbuka siku mwalimu wa sayansi alipofundisha kwamba maji huchemka kwa digrii mia moja. Marehemu aliomba ithibati. Likaletwa birika, kikatiwa kipimajoto, maji yakachemka, kikasoma tisini na nane. Darasa zima likashangilia kwamba mwalimu amekamatwa. Marehemu akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, mimi nakishuku kipimajoto."

Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi, na tarehe 4 Desemba 1970 alitunukiwa cheti cha ufundi wa redio, daraja la kwanza. Huko ndiko alikopata mita, kile kisanduku cha kupimia umeme chenye mshale na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Hawakuachana tena. Alipima betri dukani kabla hazijafungwa. Akialikwa kwa watu, alipima soketi ya ukutani kabla ya kukaa. Mwenye nyumba akinuna, alimjibu, "Mita haina undugu, shemeji."

Mwaka 1974 yeye na kaka yake, ambaye ni seremala, walifungua karakana moja katika kibanda kirefu chenye milango miwili. Zama hizo watu wenye uwezo walikuwa na redio za kabati: sanduku refu la mbao lenye miguu minne, ndani yake redio, sahani ya kuzungushia santuri na spika mbili, na mfuniko juu ambao mama wa nyumba aliutandikia kitambaa. Likiharibika, mashine inakwenda kwa mdogo mtu, mbao zinakwenda kwa mkubwa mtu, na mteja hainuki kwenye stuli. Kazi iliwaendea vizuri.

Marehemu alikuwa na utaratibu wake. Alifungua kila redio mbele ya mwenyewe. Kila kifaa alichokigusa alikitia tone la rangi nyekundu ya kucha, na pembeni akaandika tarehe kwa penseli, ili mteja asije kesho akadai ameibiwa spea. Kaka naye kila ubao alioutengeneza aliuchoma mwezi na mwaka kwa chuma cha moto, upande usioonekana. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Ni damu tu.

Mke wake alimpata kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1977 mshonaji mmoja kijana alileta redio ndogo yenye ala ya ngozi. Marehemu alipotaka kuivua ile ala, akakuta imeshonwa pande zote, mshono mdogo wa mkono ambao hajawahi kuuona.

"Dada, hii umeishona kwa nini?"

"Ili nikirudi nijue kama ulifungua kabla sijafika."

"Sasa hivi umefika. Nifungue?"

"Fungua. Mimi nakaa hapa."

Alikaa saa tatu bila kupepesa macho. Wengine hutongozana kwa maua, hawa walilindana. Marehemu alimwambia kaka yake jioni ile, "Huyu ndiye." Walifunga ndoa tarehe 16 Septemba 1978, wakajaliwa watoto watatu, na kwa miaka arobaini na mitano hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake "niamini tu" akaaminiwa. Tuliokua katika nyumba ile tunashuhudia kwamba ilikuwa nyumba ya raha.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli tukiruka jambo ambalo kila aliyeketi hapa analijua nusu nusu, na marehemu alichukia kitu cha nusu.

Baba yao mpiga chapa alikuwa na redio ya kabati aliyoinunua mwaka 1964. Watoto waliruhusiwa kuisikiliza, siyo kuigusa, na nyuma yake hakuna mtoto aliyewahi kupaona. Baba alifariki tarehe 6 Mei 1983. Wiki moja baada ya maziko, kabati lile halikuwepo sebuleni. Zilibaki alama nne za miguu kwenye sakafu ya saruji.

Marehemu alisema mwenye tamaa na mbao za namna ile ni seremala. Kaka akasema mwenye tamaa na mashine ya namna ile ni fundi redio. Mama yao aliwaita wote wawili akawaambia, "Limekwenda. Msiniulize, na msiulizane." Kila mmoja akatoka pale na hakika kwamba mama anamfichia mwenzake.

Kibanda kikagawanywa kwa ukuta wa mbao, mlango mmoja huku, mlango mmoja kule. Kaka ndiye aliyeupigilia misumari. Marehemu aliupima kwa timazi kuhakikisha hauinamii upande wake. Haukuinama. Kisha kwenye mlango wake akatundika kibao: MASHINE TU. KABATI ACHA NYUMBANI. Kesho yake kwenye mlango wa pili kikatokea kibao kingine: MBAO TU. NYAYA TOA KWANZA. Wateja wakajifunza kufungua skurubu wenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja ndugu hawa walifanya kazi wakitenganishwa na ubao wa unene wa kidole, wakisikiana mpaka chafya. Mmoja akipiga chafya, mwenzake alinyamaza kwa makusudi.

"Mwambie huyo mtu apunguze nyundo, napima," marehemu angemwambia mteja yeyote aliyekuwa karibu.

"Mwambie huyo mtu hii ni karakana, siyo maktaba," ukuta ungejibu.

Mama yao alipofariki mwaka 1990, marehemu alikuta ndani ya mkebe wa karatasi za baba stakabadhi ya lile kabati, na juu yake namba ya mashine: 40716. Aliifunga kwenye nailoni, akaiweka mfuko wa shati. Tangu hapo hakuna redio ya kabati iliyompita bila kukaguliwa. Akawa kama askari wa mpakani.

Tarehe 8 Machi 2014 mke wake alikwenda kutafuta kabati la kuwekea vitambaa kwenye yadi ya samani za mitumba. Alirudi mikono mitupu.

"Baba watoto, kuna kabati la vyombo pale lina tundu la waya wa umeme."

Marehemu aliondoka na mita, tepi na stakabadhi. Lilikuwa limepakwa rangi ya kahawia nzito kama uji, mfuniko umepigiliwa misumari, mbele na nyuma pamezibwa kwa kitambaa cha pazia, na juu yake pamepangwa sahani. Hakuna jina la kiwanda. Lilikuwepo tundu dogo kushoto na tundu dogo kulia, mahali ambapo nembo iling'olewa.

"Mzee, hilo ni kabati la vyombo la kigeni," alisema mwenye yadi.

"Vyombo gani vinatumia umeme?"

"Ah, hilo tundu ni la... la hewa. Sahani zipumue."

Marehemu alipiga magoti, akapima mguu hadi mguu: sentimita mia na kumi na mbili kwa thelathini na nane. Zile alama nne za sakafuni alizipima mwaka 1983, na vipimo hivyo alivijua kama jina lake.

"Mzee, unanunua au unachunguza?"

"Nachunguza. Wewe hili ulilipata wapi?"

"Kwa watoto wa nesi mmoja mstaafu. Wamelitoa wapate nafasi ya friji."

Akaling'oa pazia kidogo kwa nyuma, akaingiza tochi. Mashine ilikuwemo. Alipopangusa vumbi la bamba, namba ikajitokeza moja baada ya nyingine. Nne. Sifuri. Saba. Moja. Sita. Alitoa stakabadhi akasoma mara tatu, kisha akamwomba mwenye yadi asome, kisha akamwomba mpita njia asome.

Kabati lilifika nyumbani siku hiyo hiyo. Marehemu hakuwa na haja ya kusikia santuri. Alitaka ushahidi. Alikwangua rangi mguu kwa mguu. Chini ya kahawia palikuwa na rangi nyeupe, chini ya nyeupe ndipo palipokuwa na mbao ya baba. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umeunganishwa kwa vijiti vitatu vya mbao vilivyopangwa pembetatu, bila msumari hata mmoja. Katika mji mzima seremala mmoja tu aliunganisha hivyo. Chini ya unyayo wa mguu huo palichomwa kwa chuma cha moto: Ag. 85.

"Nimemkamata!" alipiga kelele. "Mama watoto, njoo uone! Miaka miwili baada ya msiba alikuwa nalo mikononi!"

"Kamata na upande wa pili kabla hujaita watu," alijibu mke wake bila kuinua macho kwenye cherehani.

Ili kuukamilisha ushahidi, akaitoa mashine. Akaigeuza. Kwenye transfoma palikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha, na pembeni, kwa penseli, 17/8/85.

Alikaa chini kwenye sakafu.

Mke wake aliacha kushona, akaja, akainama. "Huu si mwandiko wako?"

"Kuna mtu ameniiga."

"Nani akuige wewe, ili apate nini?"

Siku mbili alilinganisha herufi na tarakimu kwa kioo cha kukuzia. Siku ya tatu alishusha juu ya dari madaftari yake ya kazi, maana hakuwahi kutupa hata moja, akafungua Agosti 1985. Palikuwa na mstari mmoja: Nesi, wodi ya wanaume. Mashine bila kabati. Haina sauti. Imepona.

Nesi alikuwa hai, mzee sana, macho makali bado. Marehemu alikwenda na mke wake awe shahidi.

"Mama yenu alinipa," alisema nesi. "Mimi ndiye niliyemuuguza baba yenu miezi minne. Baada ya maziko akaniambia, wanangu wameanza kutazamana vibaya juu ya hiki kitu hata baba yao hajapoa, kichukue ukifiche, wakose wote. Nikalipaka rangi nyeupe lifanane na chumba changu. Baadaye likavunjika mguu na sauti ikakata. Kibao chenu kimoja kinasema mashine tu, cha pili mbao tu. Nikamwambia mpagazi afungue skurubu. Mashine akaleta mlango wako kwenye beseni, sanduku akaleta mlango ule."

"Siku moja?"

"Siku moja. Mkakaa nalo siku kumi na moja. Mkanirudishia limepona. Nikasema moyoni, hawa watoto wana roho nzuri, wameona mali ya baba yao na wamenyamaza."

Ndugu waombolezaji, fikirini kidogo. Siku kumi na moja kabati la baba lilikuwa kwenye kibanda kimoja, zima, mashine upande huu wa ubao na sanduku upande ule. Mmoja hakuitambua mashine kwa sababu utotoni hakuruhusiwa kuiona. Mwingine hakulitambua sanduku kwa sababu ya rangi ya nesi. Kama ukuta usingekuwepo, vingewekwa juu ya meza moja na ugomvi ungeisha mchana ule. Na ukuta uliwekwa kwa sababu ya kabati.

Kutoka mlango wa marehemu hadi mlango wa kaka yake ni hatua tisa. Ilimchukua wiki tatu kuzitembea. Usiku hakulala, mchana alisingizia mvua. Alichoogopa hakikuwa kusema amekosea. Aliogopa kwamba kaka ataona ni mtego. Yeye mwenyewe angeona hivyo. Tarehe 14 Aprili 2014, saa nne asubuhi, aliung'oa ule mguu, akaufunga kwenye gazeti, akabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi wa wapi?"

"Wa tumbo moja."

Randa ilinyamaza. "Nani amekutuma?"

"Sikutumwa. Nimeleta mguu."

Kaka alifungua lile gazeti, akaugeuza mguu, akapitisha kidole kwenye vijiti vitatu. "Kazi yangu hii. Umeutoa wapi?"

"Kwenye kabati la baba."

Kaka aliuweka mguu chini polepole. "Kwa hiyo umekuja kunishitaki na kidhibiti mkononi."

"Nimekuja kujishitaki." Akatoa kwenye mfuko wa koti ile transfoma aliyoifungua kwenye mashine, akaiweka kando ya mguu. Kaka alivaa miwani, akasoma penseli, akasoma moto. Agosti na Agosti. Marehemu akamweleza habari ya nesi, ya mama, ya beseni na sanduku jeupe, bila kuruka neno.

"Kaka, miaka yote hii nilikuita mwizi. Hukuiba. Nisamehe."

Kaka aliigeuza transfoma, akaikagua na upande wa pili. Kisha akasema, "Na mimi nilikuita mwizi. Tena mbele za watu." Akafuta miwani. "Lakini wewe fundi gani usiyeijua redio ya babako?"

"Na wewe seremala gani?"

"Langu lilikuwa limepakwa rangi! Yako ilikuwa uchi!"

Mke wa kaka alikuja mbio akidhani wanapigana. Alikuta wanagombania nani mjinga zaidi, machozi yanawatiririka.

Ule ukuta waliutoa siku hiyo hiyo, kwa sababu kabati halikupata pa kugeuzwa likiingia mlangoni. Kulirekebisha kuliwachukua miezi kumi na minne. Kaka alikwangua rangi zote mbili kwa kipande cha kioo, maana sandipepa aliiona ya kihuni kwa mbao ile. Marehemu alibadilisha kapasita zote, akasuka upya waya za spika, akachonga gurudumu la mpira linalozungusha sahani kutoka kwenye soli ya kiatu, la tatu ndilo lililoacha kuyumbisha sauti. Valvu moja ya kioo walihangaika nayo miezi sita, mpaka ikapatikana kwenye mitambo ya sauti ya ukumbi wa sinema uliofungwa. Msidhani walikuwa wamebadilika. Kila jioni kaka alihesabu patasi zake, na marehemu alihesabu skurubu. Kabati lilipowashwa mara ya kwanza likanguruma. Marehemu alishuku mbao zimepinda. Kaka alishuku waya zimelegea. Walibishana siku nne, wakiwa wamekaa stuli mbili magoti yakigusana.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi. Daktari alimwambia moyo wake unapiga bila mpangilio. Akauliza, "Umeupima kwa saa ya nani?" Hata hivyo alimeza dawa alizopewa, baada ya mke wake kusoma kila karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti, pande zote. Alilazwa mara tatu katika hospitali ya serikali, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume waliovumilia kuulizwa kila sindano imetoka boksi gani. Kaka yake alikuja kila siku ya kulazwa kwake, akakaa upande wa dirisha. Marehemu alifariki dunia tarehe 3 Juni 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri. Mkewe alikuwa ameshika mkono mmoja, kaka ameshika wa pili.

Chini ya mto wake kulikuwa na karatasi, imesainiwa na mashahidi wanne, jinsi alivyokuwa. Nyumba na vyombo ni vya mkewe, na vifaa vya kazi ni vya watoto. Mstari wa mwisho unasema: "Kabati la baba ni la kaka yangu. Lote. Mashine na mbao visitenganishwe."

Juzi kaka aliposomewa mstari huo alisema, "Kwa nini anipe mimi? Kuna nini humo ndani?" Akachukua bisibisi na tochi, akafungua mfuniko wa nyuma mbele yetu sote, akapekua dakika ishirini nzima. Hakukuwa na kitu. Alipewa tu. Akarudisha skurubu zote nane, akakaa kwenye sakafu, akaegemeza kichwa kwenye ile mbao, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mshonaji, watoto watatu, yaani binti mkubwa ambaye ni mwalimu wa hesabu, wa pili ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba ambaye stashahada yake ya umeme ingali njiani, wajukuu watano, shemeji mmoja, na kaka mmoja wa tumbo moja, ambaye hadi anaondoka hakuwa na neno naye.

Pumzika kwa amani, Fundi. Huna unayemdai jibu, wala hakuna anayekudai.